Tangazo la Navalayo

Ukiwa na redio Kakamega, sauti ya Rosebella unaijua, utake usitake. Saa moja jioni, habari zikiisha na muziki haujarudi, yeye ndiye anayesoma vifo. Husoma kwa Kiluhya kwanza, halafu kwa Kiswahili, polepole, bila kulia na bila kukohoa, na watu kuanzia Likuyani hadi Matungu huacha tonge la obusuma, ugali wa kwetu, mkononi wasikie ni nani leo. Kwetu mtu hajafa sawasawa mpaka Rosebella aseme. Mzee mmoja wa Bukura aliwahi kutangazwa kwa kufanana jina na marehemu, na alipofika sokoni kesho yake, muuza sukari alimtazama kwa uchungu akamwambia, "Lakini Rosebella amekusoma, mzee." Hakumuuzia sukari mpaka alipoonyesha kitambulisho.

Sasa mtu angedhani mwanamke mwenye sauti kama hiyo ana mengi ya kusema. Hapana. Miaka kumi na minne Rosebella alikuwa amesoma maneno ya watu wengine. Wafiwa waliandika, yeye akasoma, na mkuu wa kituo, Abdulnasir, mtu mpole wa Mumias, alimwajiri kwa sharti moja: neno la mfiwa ni amana, haliongezwi wala halipunguzwi. Rosebella hakuwahi kuongeza hata pole.

Jumanne ile kakake Jairus alimletea karatasi mlangoni mwa kituo. Dada yao Navalayo alikuwa amefariki Jumapili asubuhi, presha, akiwa amebeba kuni. Rosebella alikuwa ameshinda nyumbani Jumatatu yote upande wa Malava, akalia mpaka macho yakavimba, na sasa amerudi mjini kwa sababu moja tu: hakutaka dada yake asomwe na mdomo mwingine.

"Baba mdogo Nehemiah ndiye ameandika," Jairus alisema, huku akiangalia pikipiki iliyomleta. "Usome tu vile iko."

Ilikuwa mistari miwili. Familia ya marehemu Mzee Lutomia inasikitika kutangaza kifo cha Navalayo. Mazishi ni Alhamisi, jamaa wajulishwe.

Rosebella aliigeuza karatasi aone kama nyuma kuna mengine. Hakukuwa na kitu. Orodha ya ndugu haikuwepo, wala wajukuu, wala neno la atazikwa wapi. Na Alhamisi! Watu wa kwetu huzikwa Jumamosi, wenye kazi mbali wapate kufika, ng'ombe achinjwe, mchungaji achelewe kama kawaida yake. Anayezikwa Alhamisi ni mtu wa kuondolewa haraka. Rosebella hakuhitaji kuuliza. Binti aliyeolewa akarudi hazikwi ndani ya boma la babake. Wanatoboa ua nyuma ya jikoni, anapitishwa hapo kama takataka ili asitoke langoni kama mtu wa nyumba, na anazikwa nje, kwenye ukingo wa miwa, kabla ya saa sita, bila hotuba. Wanasema akilala ndani, mabinti wa kaka zake nao wataachika. Ushahidi wa jambo hilo hakuna aliyewahi kuuona, lakini hakuna aliyewahi kuuomba.

"Jairus, na pale kando ya kaburi la mama?"

"Wazee wamesema," Jairus alijibu, akapanda pikipiki.

Rosebella aliketi kwenye benchi la wageni na karatasi yake, na saa moja ilikuwa mbali. Alimkumbuka dada yake. Navalayo alimzidi miaka tisa. Ndiye aliyembeba mgongoni mto ulipofurika, ndiye aliyemfundisha kusoma kwa vipande vya gazeti vilivyofungiwa nyama, mafuta na damu juu ya herufi, akimkalisha mlangoni na yeye akienda kusimama mbali kule kwenye zizi. "Soma kwa nguvu," alikuwa akimwambia. "Mimi ni mtu wa nyuma, sikusikii." Halafu akaolewa Likuyani, kwenye mahindi mengi, akakaa huko miaka kumi na miwili. Mtoto hakupatikana, mume akaleta mwingine, na yule mwingine akaleta fimbo, au mume aliileta kwa niaba yake. Navalayo akarudi na begi moja na godoro lililofungwa kamba.

Kikao kilichompokea Navalayo, Rosebella alikikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Nehemiah, mdogo wa baba yao na mwenyekiti wa ukoo, alisema msichana ni mgeni kwao tangu siku anazaliwa, na akishaondoka ameondoka. Basi huyu alale jikoni kwa mamake mpaka apate pengine. Akauliza kama kuna mwenye neno. Navalayo alikuwa amekaa chini kando ya godoro lake, akainua macho akamtazama Rosebella, mdogo wake wa redio, ambaye tayari wazee walikuwa wakimsifia sauti. Rosebella alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya, vya kahawia, na tangu siku hiyo hakuvivaa tena.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Navalayo alipewa jembe kabla chai ya siku ya kwanza haijapoa. Alilima miwa ya Jairus, alimwosha mama yao miaka sita baada ya kupooza, na bado akabaki mgeni miaka kumi na mmoja. Na kile kikao hakukitaja hata siku moja. Angekitaja, wangegombana, wakalia, yakaisha. Hakukitaja, na kimya chake kikakaa kati yao kama mtu wa tatu, anayekula nao na kulala nao.

Mama alipokufa alizikwa ndani ya boma, kushoto kwa nyumba. Navalayo alifagia pale kila Jumamosi. Siku moja Rosebella alimkuta amelala chali kwenye nyasi kando ya lile kaburi, mikono kifuani, akipima.

"Panatosha," Navalayo alisema akitazama juu. "Usiwaache wapande ndizi hapa."

"Wewe na maneno yako," Rosebella alimjibu akicheka, na wakaenda kunywa chai. Sasa, kwenye benchi la wageni, alikuwa tayari kutoa chochote alichonacho arudi kwenye ile nyasi ajibu jibu jingine.

Saa moja ilifika. Mitchel, binti wa mitambo, aliinua kidole nyuma ya kioo na taa nyekundu ikawaka. Rosebella alisoma wa kwanza, mzee wa Lurambi. Akasoma wa pili, mama wa Butere. Wa tatu alikuwa Navalayo. Alisoma mstari wa kwanza kama ulivyo. Alipofika kwenye neno Mazishi, mdomo wake ukaiacha karatasi.

"Mazishi yatakuwa Jumamosi," alisema. "Atazikwa nyumbani, ndani ya boma, kando ya mamake. Ameacha kaka mmoja na dada mmoja. Yeye ndiye alinifundisha kusoma."

Mitchel aliinua kichwa. Rosebella alisoma wa nne, na wa tano, kwa sauti ileile.

Abdulnasir alimngoja nje ya studio. Alifunga mlango wa ofisi polepole.

"Innalillahi. Pole sana kwa msiba, Rosebella," alisema. "Lakini ile karatasi niliiona kabla uingie."

"Ndiyo, nimebadilisha."

"Wazee wakija hapa kulalamika, sina pa kukuficha. Kesho mtu akiniletea tangazo, atajuaje halitaongezwa?" Alikuna ndevu. Hakuwa na furaha na kazi aliyokuwa akiifanya. "Nenda ukazike. Ukirudi, rudi na barua ya familia inasema hivyo ndivyo walitaka. Ukikosa barua, usirudi kwa matangazo."

Usiku ule hakulala. Jumatano asubuhi alichukua pikipiki mpaka nyumbani.

Kabla hajafika langoni aliliona kaburi. Vijana walikuwa wamelichimba alfajiri, nje ya ua, mahali ambapo miwa inaanza, na udongo mwekundu ulikuwa umerundikwa juu ya majani makavu. Alisimama. Kila mtu wa huku anajua kwamba kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Likikosa wa kwake, litatafuta wa mwingine. Nehemiah alikuwa amewahi mapema kwa makusudi.

Ndani, wazee walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Wanawake walikaa ukutani kwa jikoni, mahali pao, mikono magotini. Na peke yake kabisa, karibu na ua, juu ya gunia, alikaa Nafula, shangazi yao, ambaye wote walimwita senje. Umri wake ulikuwa umepita sabini. Naye aliolewa, akarudi akiwa na miaka ishirini na miwili, na tangu hapo ameishi kwenye kijumba kando ya zizi. Kando yake palikuwa na panga, kwa sababu katika ukoo huu tundu la ua halitobolewi na yeyote ila binti wa ukoo aliyeolewa akarudi. Mwanaume haruhusiwi hata kugusa. Ni kazi chafu, na kazi chafu zina wenyewe.

Nehemiah alikuwa amestaafu kazi ya karani wa mizani ya miwa, na bado alimtazama kila mtu kama trela lililozidisha uzito. Tusimsingizie ubaya. Alimpenda Navalayo, kwa namna ambayo mtu humpenda ng'ombe wake wa maziwa.

"Mulembe, baba mdogo," Rosebella alisema.

"Tumekusikia kwa redio," Nehemiah alijibu. "Mpaka watu wa Webuye wamepiga simu, wanauliza kama huku tumebadilisha dunia."

Wazee walicheka kidogo, kwa adabu ya msiba.

"Mimi sina vita na wewe," aliendelea. "Umefiwa, na mtu amefiwa anakosanga. Utarudi leo Kakamega, na saa moja utasoma marekebisho, kwa hiyo sauti yako wanaijua. Nimeshaandika. Mambo iishe." Akamnyooshea karatasi.

Rosebella aliipokea. Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo lingemtokea yeye tu. Miaka kumi na minne mikono ile ilikuwa imepokea karatasi, na kila mara ilipopokea, mdomo ulifunguka. Basi ulifunguka. "Familia ya marehemu Mzee Lutomia," alianza, kwa sauti ile ya saa moja, nzito, tulivu, isiyo na machozi, "inapenda kurekebisha tangazo lililosomwa jana, kwamba marehemu Navalayo atazikwa kesho Alhamisi..."

Wanawake ukutani waliinamisha vichwa kama wanavyoviinamisha mbele ya redio. Mzee mmoja alivua kofia. Rosebella aliona kofia inavuliwa, akajisikia. Alisikia jinsi lilivyokuwa linasomeka vizuri. Lingeingia masikioni mwa watu kama maji na kesho dada yake angepitishwa kwenye tundu, na ni yeye angekuwa amelitoboa. Aliona aibu iliyomshika mpaka shingoni.

Akanyamaza katikati ya sentensi. Akaikunja karatasi mara mbili, akaishika.

"Malizia," Nehemiah alisema.

"Sisomi, baba mdogo. Naongea."

"Unaongea bila karatasi?"

"Bila karatasi."

Ile sauti ya redio ilikuwa imemtoroka. Iliyobaki ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, na ilitetemeka. Studio haina macho ya watu. Hapa yalikuwepo arobaini. Alisema maneno kadhaa kuhusu Navalayo na upepo wa miwa ukayachukua.

"Hatusikii," sauti ya mwanamke ilisema kutoka ukutani. Haikuwa ya kejeli. Ilitaka kusikia.

Rosebella akaanza upya, kwa nguvu.

"Nimesema, miaka kumi na nne nimewasoma watu wa huu ukoo. Kila mwanaume mliniletea, nilimsoma nyumbani kwake. Hata Bravin. Bravin alikaa Nairobi miaka ishirini, hakujenga hapa hata choo. Alipokufa, mlimjengea kanyumba ka mabati kwa siku moja ndio aonekane alikuwa na kwake, na mkamzika ndani. Navalayo amelala hapa juzi. Jivu ya moto wake iko na joto mpaka saa hii. Nani ni mgeni?"

Hakungoja jibu.

"Mama alioshwa na nani miaka sita? Mimi nilikuwanga nakuja Jumapili na mkate, naondoka. Baba mdogo, ulivunjika mguu mwaka ule wa mvua. Maji ya kuoga uliletewa na nani? Uliletewa na mgeni." Sauti ilipasuka, akaiacha ipasuke. "Na siku alirudi, mliuliza kama kuna mwenye neno. Mimi nilikuwa hapa. Nilikuwa na mdomo. Aliniangalia na mimi nikaangalia viatu. Miaka kumi na moja nilingoja aniambie nilikosa, hakuniambia, na sasa hawezi. Hilo neno ndilo naleta leo. Nimechelewa, lakini nimelileta. Navalayo ni wa hapa."

Kule ukutani mwanamke mmoja alianza kulia kimyakimya. Nehemiah aliketi wima zaidi.

"Maneno ni tamu," alisema. "Lakini kaburi limechimbwa. Unalijua kaburi. Tukiliacha wazi, likuje kuchukua nani? Mtoto wa Jairus?"

Hapo watu walisogea kwenye viti. Hilo ndilo lililokuwa fundo lake, na alilifunga vizuri. Rosebella naye alikuwa akilifungua kichwani tangu alipoliona lile kaburi.

"Zikeni mgomba," alisema.

"Nini?"

"Mgomba. Yule mzee wetu alizama mto Nzoia mkamkosa, mlikata mgomba, mkauvalisha shuka, mkauzika, na mchungaji akauhubiria saa mzima. Kaburi likashiba, hakuna mtu alikufa. Sasa uzikeni tena, huko nje kwa miwa. Mgomba haukuolewa, haukuachwa, hauna kwao. Hautaona uchungu."

Mzee aliyevua kofia aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Wengine walitazamana, maana mgomba ni mila, tena mila yao wenyewe, na hakuna aliyeweza kusimama akasema mila hiyo si kitu.

Nehemiah aliona kikao kinamponyoka. Akaruka maneno, akaenda kwa kazi. "Senje Nafula," aliita bila kugeuka. "Kata ua. Kesho ni Alhamisi."

Nafula aliinuka. Ilimchukua muda, goti moja kwanza, halafu la pili. Alichukua panga. Rosebella alimwona akilishika na akajua yamekwisha, kwa sababu senje hakuwahi kukataa jambo lolote tangu amjue. Mwanamke yule mzee alitazama ua. Halafu akaupa mgongo, akaja polepole katikati ya viti mpaka chini ya turubai, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga kikao kikiendelea. Akaweka panga miguuni pa Nehemiah.

"Kata wewe," alisema.

"Senje, hiyo si kazi ya mwanaume."

"Basi haina mwenyewe."

Nehemiah alifungua mdomo. Nafula alikuwa bado hajamaliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka ukutani.

"Nimetoboa hii ua mara tatu," alisema. "Dada yangu mimi mwenyewe, na wale wasichana wawili walirudi nyumbani. Kila mara nilikuwa nalipima hilo tundu na mabega yangu, nione kama nitapita. Wewe ulikuwa unakunywa chai."

Alikaa chini palepale, mbele ya viti, miguu ameinyoosha. Mwanamke aliyekuwa akilia aliondoka ukutani akaja kukaa kando yake. Akaja mwingine, mke wa Jairus, na mtoto mgongoni. Wakaja mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaofuata kivuli, mpaka ukuta wa jikoni ukabaki mtupu na kati ya viti na ua pakajaa wanawake.

Jairus maishani mwake hakuwahi kuanza sentensi kabla mtu mwingine hajaianza. Siku hiyo alisimama, akasugua viganja kwenye suruali. "Boma ni langu," alisema, kama anayeuliza. Alipoona hakuna anayemkatalia, akasema tena bila kuuliza. "Nitaita vijana. Wachimbe kando ya mama."

Ijumaa walizika mgomba. Wanaume sita waliubeba, nyuso kavu kabisa, na aliyetaka kucheka alicheka baadaye kwenye miwa. Jumamosi walimzika Navalayo, na watu walijaa hata wakakaa nje ya lango, kwa maana tangazo lilikuwa limesema Jumamosi na Rosebella akishasema imesemwa. Jeneza kutoka mochari liliingia kwa lango. Nehemiah alikuja. Alikaa pembeni, hakuhutubu, lakini zamu ya kutupa udongo ilipofika alitupa wake, akakaa pale ukingoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Barua aliyoitaka Abdulnasir aliisaini Jairus.

Rosebella aliyafanya yote yaliyopasa kufanywa, na kila alipofanya moja alitaka kumsimulia Navalayo. Alitaka kumwambia uso wa baba mdogo ulivyokuwa mgomba ulipotajwa. Alitaka kumwambia senje alivyonyoosha miguu. Ndiyo taabu ya kuzika dada: unayetaka kumsimulia mazishi ni yeye. Alikuwa amepigana na wazee akashinda, na ushindi haukuwa na pa kuupeleka. Navalayo alikufa akiwa bado mtu wa kulala jikoni, akijua yeye ni mgeni. Hilo hakuna kaburi lililolibadilisha.

Alasiri wageni walikuwa wameondoka, na wanawake wachache walibaki wakiosha masufuria. Senje Nafula alimwita kwa mkono. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na alikikalia kwa tahadhari, kwenye ukingo.

"Ile siku nitakufa," alisema, "utanisoma?"

"Nitakusoma, senje. Nitakusoma vizuri."

"Navalayo ulimsoma vizuri sana. Nilikuwa kwa redio ya Jairus, nikasikia, nikasema leo huyu mtoto amesomwa." Aliufuta mdomo kwa pembe ya leso. "Lakini yeye hakusikia."

Rosebella aligeuka akatazama udongo mpya kando ya kaburi la mama.

"Mimi usiningojee," senje alisema. "Nisome sasa, kama bado niko na masikio."

Wanawake waliokuwa wakiosha waliacha kuosha. Rosebella alitazama mikono yake na haikuwa na karatasi. Alipiga magoti kwenye nyasi mbele ya kile kiti ili macho yao yawe sawa, na ilimbidi asubiri kwanza, kwa sababu uso uliokuwa mbele yake ulikuwa na paji la Navalayo, na yale aliyokuwa karibu kuyasema yalikuwa rahisi mno. Yalikuwa rahisi hivyohivyo miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Huyu ni senje Nafula," alisema. "Ni mtu wa hapa. Hapa ni kwake, leo akiwa hai na siku akifa. Hatapita kwa tundu."

Senje alikuwa amefumba macho. Midomo ilimtembea kidogo, kama mtu anayeonja kitu asichokijua jina.

"Rudia," alisema.

Rosebella akarudia.

"Tena," alisema senje Nafula, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. "Rudia tena, mtoto wangu. Mpaka nikuambie uache."